Mtumwa Aliyepewa Funguo za Makaburi



Wengi wamekwisha kuandika habari za Roma, nao husimulia kanisa kubwa la Mtakatifu Petro, unene wa nguzo zake na wingi wa watu wajao kutoka mataifa yote. Leo sitawapeleka huko. Nataka twende pamoja nje ya mji, upande wa kusini, kwa njia ya kale iitwayo Via Appia, hata tufike mahali walipolazwa wafu wa Kanisa la kwanza. Pale nilijifunza habari za mtu ambaye jina lake twalisikia mara moja kwa mwaka, siku ya 14 Oktoba, kisha twalisahau. Ndiye Mtakatifu Kalisto, Papa na shahidi. Naye alikuwa mtumwa.

Nilifika huko mwaka wa Jubilei, 2025, pamoja na makatekista wenzangu. Tulitoka mjini kwa Lango la Mtakatifu Sebastiano, lililo katika ukuta wa Kaisari Aurelianus, tukashika njia. Njia hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 312 kabla ya Kristo, na mtu aliyeitwa Appius Claudius, ili majeshi yapite kwenda kusini. Msidhani ni barabara pana. Mwanzo wake ni nyembamba, ina kuta pande zote mbili, na magari yapita kwa kasi hata mwenye kwenda kwa miguu hana budi kujibana ukutani kama mjusi. Mwendo mfupi kutoka langoni pana kanisa dogo, nalo laitwa Domine Quo Vadis. Masimulizi ya kale yasema kwamba hapo Petro, akiukimbia mji wakati wa mateso, alikutana na Bwana akiuelekea, akaona haya, akarudi. Tulisali kidogo, tukaendelea. Mbele kidogo njia yagawanyika, na hapo magari ukayaacha, ukaingia katika njia ya mashamba yenye miberoshi. Ndege ndio usikiao, na nyayo zako mwenyewe.

Labda msomaji atauliza: kwa nini wafu waliwekwa mbali hivi? Sheria ya Roma ilikataza kuzika mtu ndani ya mji, kwa hiyo kila njia itokayo mjini ilipangwa makaburi pande zote mbili. Matajiri walijijengea majumba ya kaburi juu ya ardhi, na mengine yangali yasimama hata leo. Maskini wengi walichomwa moto, majivu yao yakatiwa katika vyungu. Lakini Wakristo walitaka kuulaza mwili kama ulazavyo mtu aliyesinzia, kwa sababu ya tumaini la ufufuo. Na kulaza miili mingi kwataka mahali pengi, na ardhi ilikuwa ghali. Basi wakachimba kwenda chini. Nchi ile ni ya jiwe laini litokanalo na volkano, liitwalo tufo. Lakatika vizuri kwa sururu, kisha likipigwa na hewa lawa gumu. Bila jiwe hilo pasingalikuwa na katakombu.

Walinzi wa mahali hapo ni Mapadre Wasalesiani, nao wamepashika tangu mwaka 1930. Huruhusiwi kushuka peke yako, wala haifai, kwa maana njia za chini hufikia karibu kilomita 20, zimepangwa tabaka juu ya tabaka, na mahali pengine zapita mita 20 kwenda chini. Tukapewa kiongozi, tukashuka ngazi. Jua la juu lilikuwa kali. Kule chini ni baridi, na harufu yake ni ya udongo ambao haujaona mvua.

Kuta zote mbili zimechongwa mashubaka, moja juu ya jingine, kama vitanda vya abiria melini. Kila shubaka lilikuwa kaburi la mtu mmoja au wawili, likafungwa kwa vigae au kwa bamba la marumaru. Sasa mengi ni wazi na matupu. Kilichonishika moyo ni wingi wa mashubaka madogo. Nilipima moja kwa mkono wangu: shubiri tatu. Watoto wa Roma walikufa kama watoto wetu walivyokufa zamani za ndui, na wazazi wao waliwachimbia mahali karibu nao. Wakadiriao husema kwamba katika makaburi haya walizikwa watu kama laki tano.

Tena, mahali walipoandika jina, waliandika machache: jina, miaka, na neno la amani. Katika makaburi ya wapagani wa Roma utasoma kwamba huyu alikuwa mtumwa wa fulani, na huyu aliachwa huru na fulani. Katika makaburi ya Wakristo ni nadra sana kuikuta habari hiyo. Bwana na mtumwa wamelala shubaka kwa shubaka, na msomaji hawezi kuwabagua. Neno hili lanirudisha kwa Kalisto, maana ndiye aliyekuwa msimamizi wa kwanza wa mahali hapa tunayemjua kwa jina, na ndiyo sababu pakaitwa kwa jina lake.

Habari za maisha yake tumezipata kwa njia ya ajabu. Hakuziandika rafiki, aliziandika adui yake. Jina lake Hipoliti, padre wa Roma, mtu wa elimu nyingi sana, aliyeandika kitabu kikubwa cha kuwakanusha wazushi wote, na ndani yake akamtia Kalisto. Kitabu hicho kilipotea kwa karne nyingi, mpaka mwaka 1842 Mgiriki mmoja, Minoides Mynas, alipoleta nakala yake Paris kutoka nyumba za watawa za Mlima Athos. Kikapigwa chapa Oxford mwaka 1851. Basi tumsikilize Hipoliti kama wazee wamsikilizavyo mgomvi barazani: ya kweli yamo, lakini hakosi kuyatia chumvi.

Asema hivi. Katika siku za Kaisari Commodus, aliyetawala miaka ya 180 hata 192, alikuwako Mkristo wa nyumba ya Kaisari jina lake Carpophorus. Kalisto alikuwa mtumwa wake. Bwana wake akamwamini, akampa fedha nyingi afanye kazi ya benki, mahali paitwapo Piscina Publica. Waamini wengi, na wajane pia, wakaweka amana zao kwake, kwa kuwa waliliheshimu jina la Carpophorus. Fedha zote zikapotea. Hipoliti asema alizitapanya. Huenda alikopesha watu wasiolipa, maana baadaye twamwona akidai kwamba wako wenye deni lake. Iwayo yote, amana za wajane hazikuwapo.

Kalisto akaogopa, akakimbilia bandari ya Portus, akaingia katika meli iliyo tayari kutweka. Bwana wake akamfuata. Alipomwona Carpophorus anakuja kwa mashua, alijitupa baharini. Mabaharia wakamwopoa, wakamtia mikononi mwa bwana wake, naye akampeleka kwenye kinu cha kusagia nafaka, palipokuwa adhabu ya watumwa. Baada ya siku kadha wenye amana walimsihi Carpophorus amtoe, wakitumaini kwamba labda fedha ziko mahali. Akatolewa. Siku ya Sabato akaingia katika sinagogi, ikatokea ghasia, ibada ikavurugika. Hipoliti adhani alikuwa akitafuta kufa. Wengine husema alikwenda kuwadai wadeni wake. Akashtakiwa kwa liwali wa mji, Fuscianus, naye akampiga mijeledi na kumpeleka kisiwa cha Sardinia, katika migodi.

Wenye kusoma haya, fikirini mtu huyo mahali alipofika. Ni mtumwa, amepoteza fedha za wajane, amekimbia, amevuruga ibada ya watu, naye yumo shimoni akichimba madini katika nchi ya ugeni. Ningeambiwa niandike jina la mtu asiyefaa kabisa kazi ya Kanisa, ningeandika hilo.

Kumbe wakati ule Kaisari Commodus alikuwa na suria, jina lake Marcia, ambaye moyo wake uliwaelekea Wakristo. Akamwita Papa Viktori, aliyekuwa mzaliwa wa Afrika, akamwuliza habari za waamini waliopelekwa Sardinia kwa ajili ya imani. Viktori akampa orodha ya majina. Jina la Kalisto hakulitia. Marcia akapata barua ya kuwaachilia huru, akampa padre mmoja mzee, towashi, jina lake Hyacinthus, aipeleke. Alipofika na kuwasomea majina, Kalisto aliona ameachwa, akapiga magoti, akalia, akasihi. Hyacinthus akamwonea huruma, akasema na msimamizi wa migodi, naye akaachiliwa pamoja na wengine.

Viktori hakufurahi kumwona. Lakini hakumtupa. Alimpeleka mji wa Antium, ulio pwani, akamwekea posho ya kila mwezi. Akakaa huko miaka mingi. Katika maisha ya mtu huyu sehemu hii haina habari hata moja, nami naidhani kuwa ndiyo kubwa: miaka ya kukaa kimya, mtu akila posho ya Kanisa aliloliaibisha. Hata mwaka 199 Viktori akafa, akafuata Zefirino. Papa mpya akamwita Kalisto kutoka Antium, akamfanya shemasi, akampa makaburi ayasimamie.

Hapo nilisimama kufikiri, na kiongozi alikuwa amekwisha kutangulia na taa. Makaburi yale yalikuwa mali ya Kanisa, labda ardhi ya kwanza ambayo Wakristo wa Roma waliishika pamoja kama jamii. Kusimamia makaburi ni kushika fedha. Wachimbaji walipwe, maskini wazikwe bila malipo, wenye nafasi watoe kwa ajili ya wasio na nafasi. Zefirino alimpa nani kazi hiyo? Alimpa yule yule aliyepoteza amana za wajane. Na huenda baadhi ya wajane wale walikuwa wangali hai, au watoto wao.

Walimu wenzangu, jambo hili si la Roma tu. Katika kigango kimoja nikijuacho yuko mzee aliyekuwa mshika fedha wa chama cha maziko. Fedha zilipungua, hakuweza kueleza. Alilipa nusu, akashindwa nusu. Sasa ni mwaka wa saba akaa kiti cha nyuma kabisa, huja wa kwanza na kuondoka wa mwisho, huzoa maua makavu altareni bila kutumwa na mtu. Mwaka huu wapo waliotaja jina lake arudishwe katika halmashauri, na wapo walioapa kwamba akirudishwa wao watatoka. Shauri lao halijakwisha. Nawaelewa wote wawili. Mwenye kufiwa akakuta sanduku tupu hasahau upesi. Wala haifai aambiwe asahau. Lakini naona pia kwamba Zefirino hakumpa Kalisto kazi siku aliyotoka Sardinia. Miaka ilipita kwanza.

Basi tushuke tena. Kiongozi alitupeleka katika chumba kiitwacho Kaburi la Mapapa. Si kikubwa, watu hamsini wakisimama hawawezi kugeuka. Humo walizikwa Mapapa tisa wa karne ya tatu. Majina yao wengine yangali yasomeka kwa Kigiriki juu ya marumaru iliyovunjika: Antero, Fabiano, Lusio, Eutikiani. Hapa chini pia, katika makaburi haya, tarehe 6 Agosti 258, askari wa Kaisari Valerianus walimkamata Papa Sisto wa Pili akiwa pamoja na waamini wake, wakamkata kichwa pamoja na mashemasi wake. Karibu na chumba hiki pana mahali alipolala Mtakatifu Sisilia, na sanamu yake imewekwa, amelala ubavu kama mtu aliyechoka. Katika vyumba vingine vya karibu nilionyeshwa picha zilizochorwa ukutani mwanzoni mwa karne ya tatu: mtu akibatizwa, Yona na nyangumi wake, samaki na mikate, mchungaji na kondoo mabegani. Rangi zimefifia, lakini mtoto wa katekisimu angetambua zote bila kuambiwa.

Mahali hapa palisahauliwa karibu miaka elfu. Masalia ya watakatifu yalipohamishiwa makanisa ya mjini katika karne ya nane na ya tisa, milango ikazibwa na udongo, mizabibu ikapandwa juu. Mwaka 1849 mwanachuo wa Roma, Giovanni Battista de Rossi, aliona katika kibanda cha shamba la mizabibu kipande cha marumaru chenye mwisho wa jina na neno la shahidi. Akatambua kwamba ni jina la Papa Korneli. Akamshauri Papa Pio wa Tisa alinunue shamba lile, likanunuliwa, akachimba. Mwaka 1852 akaliona kaburi lenyewe pamoja na kipande cha pili, na mwaka 1854 akafikia Kaburi la Mapapa. Papa Pio alikuja mwenyewe kuona, tarehe 11 Mei mwaka huo. Angalieni miaka: kitabu cha Hipoliti kilitoka 1851, na makaburi ya Kalisto yakafunguliwa mara baada yake.

Zefirino alipofariki, mwaka 217, Kanisa la Roma lilimchagua Kalisto awe askofu wake. Yaani mtumwa wa zamani akakaa katika kiti cha Petro. Hipoliti hakuweza kulivumilia jambo hilo, akajitenga pamoja na wafuasi wake, wakamfanya kuwa askofu wao; naye huhesabiwa kuwa wa kwanza kusimama kinyume cha Papa. Walipigana kwa maneno juu ya fumbo la Utatu Mtakatifu, nami sitaingia humo, maana kila mmoja alimshtaki mwenzake kwa alilokuwa hakulisema sawasawa. Lakini yako mashtaka mengine mawili ambayo kila nyumba ya Kikristo yaweza kuyaelewa.

La kwanza ni la msamaha. Wakati ule wako waliosema kwamba mtu aliyebatizwa akianguka katika uzinzi, Kanisa halina la kumfanyia; na atubu hata kufa, ila asirudishwe mezani. Kalisto akasema kwamba akitubu atapokewa. Hipoliti akamchekelea, akisema kwamba amefungua mlango kwa kila mchafu. Lakini katika kumchekelea alituhifadhia hoja za Kalisto. Alitaja mfano wa Bwana wa magugu yaliyoachwa yakue pamoja na ngano hata mavuno. Alitaja safina ya Nuhu, iliyokuwa na mbwa na mbwamwitu na kunguru, wanyama safi na wasio safi pamoja. Tena alitaja neno la Mtume Paulo kwa Warumi, la kumkataza mtu kumhukumu mtumishi asiye wake. Neno hilo wahubiri wengi wamelitumia. Lakini lilitamkwaje kinywani mwa mtu ambaye alikwisha kuwa mtumishi wa mtu kweli, akahukumiwa kweli?

La pili ni la ndoa. Katika Roma palikuwa na wanawake Wakristo wa jamaa kubwa, na wanaume Wakristo wa cheo chao walikuwa wachache. Sheria ya Roma haikuitambua ndoa ya mtumwa. Muungano wake haukuhesabiwa kuwa ndoa. Mwanamke wa cheo akiolewa na mtu wa chini alishushwa. Kalisto akakubali kwamba mwanamke huru akimchagua mtumwa awe mume wake, Kanisa litamhesabu kuwa mume kweli, hata kama sheria ya Kaisari haimhesabu. Hipoliti aona hilo ni fedheha, na asema lilileta maovu. Mimi nakiri kwamba maovu huenda yalitokea, kama yatokeavyo katika ndoa za siri. Hata hivyo sioni kwamba askofu aliyekuwa mtumwa angaliweza kusema neno jingine. Alijua kwamba mtumwa ni mtu.

Sisi wa pwani na bara ya Afrika Mashariki tuna sababu ya kulisoma jambo hili polepole. Misheni ya Bagamoyo ilipoanzishwa mwaka 1868, waamini wake wa kwanza walikuwa watumwa waliokombolewa. Na soko la watumwa la Unguja lilipofungwa mwaka 1873, lilikuwa limekwisha kuuza watu wa makabila yetu miaka mingi. Mtumwa hakuoa ila kwa idhini ya bwana wake. Wengi wa mababu walioshika imani kwanza katika nchi hizi waliitwa kwa majina ya dharau na majirani zao, na wajukuu wengine wangali wakificha asili yao. Laiti mababu hao wangalijua kwamba mmoja wao aliwahi kuwa Papa.

Kalisto alikufa mwaka 222. Njooni sasa tuone mwisho wa ugomvi ule, maana uko katika makaburi haya haya. Mwaka 235 Kaisari Maximinus aliwageukia wakuu wa Kanisa. Papa wakati huo alikuwa Ponsiano. Akakamatwa, akapelekwa Sardinia. Na pamoja naye akapelekwa Hipoliti, ambaye sasa alikuwa mzee. Yule aliyemcheka Kalisto kwa ajili ya Sardinia, naye akapelekwa Sardinia. Tarehe 28 Septemba mwaka huo Ponsiano alijiuzulu cheo chake, ili Kanisa lisikae bila mchungaji. Wote wawili walikufia kisiwani. Papa Fabiano akaileta miili yao Roma. Ponsiano akazikwa hapa, katika makaburi ya Kalisto, na jiwe lake lenye jina lilionekana mwaka 1909. Hipoliti akazikwa katika Njia ya Tiburtina. Kanisa huwakumbuka siku moja, tarehe 13 Agosti, Papa na mpinzani wa Mapapa, wote watakatifu.

Kabla ya kupanda juu tulipita kaburi la Papa Korneli, lile la jiwe la de Rossi. Huyu alitawala miaka ya 251 hata 253, mara baada ya mateso ya Kaisari Decius, ambapo Wakristo wengi waliogopa na kuzitolea sanamu dhabihu. Walipotubu walirudi mlangoni wakilia, na swali la Hipoliti likafufuka: wapokewe? Padre Novatianus akasema la, akajitenga. Korneli akasema ndiyo, watubu, wapokewe. Aliyesimama upande wake kutoka ng'ambo ya bahari alikuwa Sipriani, askofu wa Kartago, katika Afrika. Kando ya kaburi wamechorwa wote wawili, wamesimama wima na vitabu mikononi, macho makubwa. Nilifurahi kumwona Mwafrika pale, ingawa mwili wake haukuletwa.

Jambo moja liliwashangaza wengi wa kundi letu. Tulipouliza kaburi la Kalisto mwenyewe li wapi, tuliambiwa halimo. Aliwaandalia mahali maelfu ya watu, yeye akazikwa kwingine, katika Njia ya Aurelia, upande wa pili wa mto. Orodha ya mashahidi ya mwaka 354 yamtaja huko, maili ya tatu kutoka mjini. Kaburi hilo aliligundua Aldo Nestori mwaka 1960. Masimulizi ya baadaye yasema kwamba aliuawa kwa kutupwa kisimani katika mtaa wa Trastevere, na huenda alizikwa upande ule kwa sababu watu waliogopa kumvusha mjini.

Masalia yake sasa yako Trastevere, katika kanisa la Santa Maria, yaliyoletwa katika karne ya tisa. Kanisa lisimamalo leo lilijengwa na Papa Inosenti wa Pili katika karne ya kumi na mbili. Tulifika jioni. Mtaa wenyewe ni wa maskini wa zamani uliogeuka kuwa wa wageni na mikahawa, na kelele ni nyingi nje. Ndani ni kimya. Inua macho juu ya altare: ukuta wote wang'aa dhahabu, Kristo ameketi na Mama yake kwenye kiti kimoja, na pande zote mbili wamesimama watakatifu. Kalisto yumo upande wa kushoto wa atazamaye, amevaa mavazi ya Papa. Korneli yu upande wa kulia. Nilimtafuta kwa kidole, nikihesabu, hata nikampata. Mavazi yake hayapungukiwi na kitu kwa wenzake.

Atakayejaliwa kwenda, asichague Jumatano, kwa kuwa siku hiyo katakombu hufungwa. Na avae viatu vya nyayo pana, na achukue koti hata kama ni Agosti. Gari la abiria namba 118 lafika karibu kabisa na lango. Lakini mwenye miguu mizima na aende kama tulivyokwenda sisi, ila ashike upande wa ukuta.